Mtu wa Kukuuliza

Mjomba wangu alikuwa mgema. Alfajiri, kabla malori ya mananasi hayajaanza kunguruma Kiwangwa, alikuwa tayari juu ya mnazi, kotama kiunoni na kibuyu begani, akikanyaga vidato alivyovichonga mwenyewe. Jioni alipanda tena. Karara la mnazi lisipokatwa upya huziba, na utomvu hukauka. Kwa hiyo ilikuwa mara mbili kwa siku, jua liwake au mvua inyeshe.

Nilipokuwa mtoto sikuiona hiyo kuwa kazi ya ulevi. Niliiona kuwa kazi ya saa. Utomvu wa mnazi unaanza kuchacha hukohuko juu, ndani ya kibuyu, kabla haujateremshwa. Asubuhi ni tembo tamu. Jioni ni tembo kali. Ukiliacha siku moja au mbili zaidi, unabaki na siki ya kuwekea achari. Tembo halimngoji mtu. Huwezi kulificha chini ya godoro mpaka mwisho wa mwezi, wala kulisafirisha kwa basi hadi mji wa mbali likafika likiwa lilelile.

Ndiyo maana lilinyweka palepale lilipogemwa, siku ileile, mbele ya watu. Kwa mjomba watu walikaa kwenye magogo chini ya mwembe, baada ya kazi za shamba. Kila mnywaji alijulikana ni wa nani, ana watoto wangapi, na jana aliondoka saa ngapi. Mjomba alikuwa na haki ambayo hakuiandika popote, ya kumnyima mtu. "Wewe leo basi," alikuwa akisema, huku akigeuza kata kifudifudi. "Nenda nyumbani, mkeo anakungoja." Na mtu mzima mwenye ndevu zake aliinuka, akaaga, akaenda.

Sitaki kuupamba mwembe ule. Walikuwapo waliofika nyumbani wakapiga wake zao. Alikuwapo aliyeuza ekari mbili za mananasi zikaishia kwenye kata. Masheikh walimsema mjomba, na mama yangu, ambaye ni dada yake, hakuwahi kupokea hata shilingi ya tembo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami si mwanawe nimsifu kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba pale palikuwa na mtu wa kukuuliza.

Mwanawe, binamu yangu, ndiye wa kwanza katika nyumba ile kwenda chuo. Aliondoka Oktoba 2014 na begi jipya. Mwaka 2017 alirudi usiku, kwa bodaboda, bila begi na bila cheti. Kati ya mwembe ule na chumba cha hosteli alichokiacha kuna njia ndefu kuliko barabara ya kutoka Kiwangwa hadi Dar es Salaam. Ni njia ya zaidi ya miaka 150, na nimejaribu kuifuata.

*

Kutoka Kiwangwa ukishika barabara ya lami kuelekea pwani unafika Bagamoyo. Karne ya kumi na tisa mji huo ulikuwa mwisho wa safari za bara. Kila msimu waliingia maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Walikuwa vijana. Walikuwa mbali na kwao kwa miezi mingi. Wakishatua mizigo walilipwa, na hapo ndipo mji ulipowafungulia milango yake yote: vitambaa, ngoma, wanawake, tembo. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu miji ya mwambao kabla ya vita vya Abushiri, anaonyesha jinsi karamu na sherehe zilivyokuwa uwanja wa kugombea heshima. Mgeni aliyetaka kuonekana mtu mjini alilazimika kula, kunywa na kutoa mbele ya macho ya wengine.

Nikimfikiria mpagazi yule, namwona mwanafunzi wa leo siku "bumu" linapoingia. Ni kijana, yuko mbali na kwao, na fedha za miezi miwili zimemfikia kwa mkupuo. Siku hiyo maduka na baa za jirani na chuo zinajua kabla hata wahadhiri hawajajua. Vijana wana neno lao, wanasema wanakwenda kumwagilia moyo. Na Bagamoyo, kama wengi wanavyolisimulia jina hilo, ni mahali pa kuubwaga.

Lakini mpagazi alikuwa na kitu ambacho mwanafunzi hana. Hakusafiri peke yake. Alikuwa ndani ya kambi, kikundi kidogo cha wenzake waliopika chungu kimoja, waliolala kibanda kimoja na kupeana zamu za kuni na maji. Mbele ya msafara alikuwapo kirangozi. Mpagazi asiporudi kambini usiku, chakula chake kilibaki chunguni na wenzake walikiona. Watu walilewa Bagamoyo, tena sana. Ila kupotea bila mtu kujua ilikuwa kazi ngumu.

*

Kisha zikaja sheria. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia saini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake wakaweka masharti ya bunduki na ya pombe kali. Eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, liliwekewa vizuizi vya kuingiza na kutengeneza pombe kali. Pwani yetu ilikuwa ndani ya eneo hilo, na Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891. Mwaka 1922, Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Umoja wa Mataifa wa wakati huo, hati ya udhamini nayo iliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa pombe kali.

Ukisoma kwa haraka utadhani hiyo ilikuwa huruma. Ukisoma polepole unaona swali ambalo sheria ilikuwa ikiuliza. Haikuuliza mtu amekunywa kiasi gani wala ana masaibu gani. Iliuliza ni wa rangi gani. Mzungu alikunywa whisky barazani kwake. Mwafrika alizuiwa pombe kali hadi miaka ya 1950. Aliachiwa pombe yake ya kienyeji, nayo mijini ikaingizwa kwenye vilabu vyenye leseni, ambako serikali za miji zilipata ushuru. Neno kilabu tunalolitumia mpaka leo kwa banda la pombe ya kienyeji lina harufu ya enzi hizo.

Matokeo yake hayakutarajiwa na waliotunga sheria. Chupa ikawa alama ya utu. Mtu aliyekatazwa kitu kwa sababu ya ngozi yake, siku anaporuhusiwa hanywi kinywaji peke yake, anakunywa ruhusa. Baada ya uhuru, bia ya chupa mezani ilimtangaza msomi na mtumishi wa serikali. Serikali mpya nayo iliendelea kukimbizana na vyombo: mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, na mwaka 1968 ikaja sheria ya vileo yenye leseni na saa za kuuza.

Jambo moja halikuandikwa katika sheria yoyote kati ya hizo. Gongo na bia ya chupa havichachi. Ukishaipika pombe na kukusanya moshi wake, au ukishaifungia kiwandani, umeikata kutoka kwenye saa na mahali. Sasa inaweza kungoja. Inaweza kusafiri na kukaa kabatini mpaka mtu awe peke yake. Kata ya mjomba ilikuwa na mlinzi kwa sababu tembo lenyewe lilimlazimisha mnywaji aje mwembeni. Chupa haikumlazimisha mtu kwenda popote.

*

Miaka ya 1980 kikaja kitu kidogo kuliko chupa. Heroini ilianza kuingia Dar es Salaam na Zanzibar, na baadaye njia yake kuu ikawa ya majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistani. Waswahili wakaiita unga. Mwanzoni ilivutwa, mara nyingi ikichanganywa na bangi katika kile kinachoitwa kokteli. Kuelekea mwaka 2000 ilianza kudungwa kwa sindano, na sindano zikaleta VVU na homa ya ini. Lugha nayo ilipanuka kwa huzuni: teja, arosto, kete. Kete ni pakiti unayoweza kuificha kati ya vidole viwili.

Sheria zilifuata tena. Ile ya mwaka 1995 ilileta Tume ya kudhibiti dawa za kulevya. Ya mwaka 2015 ilizaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajawahi kuishi na mtu mwenye arosto. Lakini mzigo wa ukubwa huo unamaanisha pia kwamba kuna anayeungoja.

Kwa wanafunzi wa kizazi changu, hata hivyo, mlango haukuwa unga. Mlango ulikuwa kiroba. Kipakiti cha nailoni, mililita 50 au 100 za pombe kali, bei ya chini kuliko sahani ya wali. Kiliuzwa dukani karibu na sabuni na pipi. Kiliingia mfuko wa shati, kikaingia ukumbi wa mihadhara, kikanyonywa kama barafu ya ukwaju. Hakikuhitaji meza, glasi wala rafiki. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 mwaka huo viroba ni marufuku, na kweli vikatoweka madukani. Nilishangilia. Kisha chupa ndogo za plastiki zikapanga foleni kwenye rafu zilezile.

Kutoka kibuyu hadi chupa, kutoka chupa hadi kiroba, kutoka kiroba hadi kete: kila hatua chombo kilipungua, na kila kilipopungua, idadi ya watu waliohitajika ili mtu alewe ilipungua pia, hadi akabaki mmoja.

*

Mimi nilikuwa mwaka wa pili, chuo kingine, jiji hilohilo. Nyumbani walinikabidhi binamu kwa maneno machache. Mjomba alinipigia simu akasema, "Wewe ndiye mwenyeji huko. Umwangalie mdogo wako." Nikajibu, "Sawa, mjomba." Nilimwangalia kwa namna ya mjini: nilimwona mtandaoni.

Dalili zilikuwapo. Alianza kukopa katikati ya muhula, kisha wiki moja baada ya bumu. Jumapili moja alikuja kwangu akiwa ananuka pombe saa nne asubuhi, akacheka sana kwa jambo lisilochekesha. Nilimpikia chai. Nikazungumza naye kuhusu mpira. Nilijiambia ni mtu mzima, chuo ni chuo, kila mtu na maisha yake. Huo ndio ustaarabu tuliojifunza hosteli, kutoingilia ya mtu. Tunauita heshima. Mara nyingi ni uvivu, na mara nyingine ni woga.

Wenzake chumbani walijua zaidi yangu. Baadaye mmoja aliniambia kwa nini walinyamaza. Kanuni za chuo zilikuwa wazi, ukikamatwa na kilevi unasimamishwa masomo. Kwa hiyo kusema kwa mshauri wa wanafunzi kulikuwa sawa na kumfukuzisha rafiki. Walimpenda, wakamficha. Walimfunika shuka asubuhi za mitihani na kusaini mahudhurio kwa niaba yake. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda ndiyo iliyomwondolea kila mtu ambaye angeweza kumuuliza.

Kutoka kiroba akaingia kwenye kokteli kijiweni nje ya chuo, na mwaka 2016 akawa anakula unga. Hakuna aliyemfukuza. Aliacha tu kuonekana, na ilichukua muda kabla yeyote hajagundua, mimi nikiwemo.

*

Nchi hii haijakosa watu wa kujifunza kwao. Mwaka 2009 Zanzibar ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya upataji nafuu, zile ambazo mtaani tunaziita soba, ambako waliopata nafuu huishi na wanaoianza safari. Leo zipo sehemu nyingi za pwani, Bagamoyo ikiwemo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, kliniki ya kwanza ya aina hiyo Tanzania Bara. Zikafuata Mwananyamala, Temeke na nyingine.

Binamu yangu alianza methadoni mwaka 2018. Nyumbani Kiwangwa ni mbali mno kwa mtu anayetakiwa kufika kliniki kila siku, basi akahamia chumbani kwangu, chumba kimoja, godoro sakafuni. Siku za mwanzo nilimsindikiza. Foleni ilianza asubuhi. Ukifika dirishani unataja jina, muuguzi anakuangalia usoni, anakuuliza umelalaje, anakupimia dawa ya maji kwenye kikombe. Unaimeza mbele yake. Kesho unarudi.

Nilisimama pembeni na nikamkumbuka mjomba. Kikombe, kipimo, saa maalumu, mahali maalumu, na mtu mbele yako anayekujua kwa jina na anayeweza kusema "leo basi". Karne nzima tulivunja mwembe ule kipande kwa kipande, na sasa hospitali ilikuwa ikiujenga upya kwa vigae na dirisha la kioo.

Simaanishi kwamba vijana warudishwe kwenye tembo. Mama yangu asingenisamehe, na wale waliopigwa chini ya jina la mila wasingenisamehe pia. Nasema kwamba katika vita hii tumekuwa tukihesabu vyombo, na tumesahau kuhesabu watu waliomzunguka mnywaji.

Hata wataalamu wamefika karibu na hapo. Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, katika viwango vyao vya kinga vilivyohuishwa mwaka 2018, wanaonya kuwa mihadhara ya kutoa taarifa na kutishia peke yake haisaidii. Hata kumpandisha jukwaani mraibu wa zamani atoe ushuhuda hakuzuii wanafunzi. Yanayosaidia yanachosha kuyatangaza: stadi za kujitawala, uhusiano mzuri na watu wazima, sera ya taasisi inayomsaidia mwenye tatizo kabla ya kumwadhibu. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Hawakutegemea mabango. Waliwapa watoto michezo na muziki vyenye ruzuku, wakawabana wazazi wakae nao na wajue jioni wako wapi.

Mwanafunzi wa chuo si mtoto wa miaka 15, na huwezi kumwekea saa ya kulala. Lakini unaweza kutenganisha ofisi ya ushauri na ofisi ya nidhamu, ili anayemwombea rafiki msaada asiwe msaliti. Unaweza kuzipa klabu za kupinga dawa za kulevya, ambazo vyuo vingi vinazo, kazi nyingine zaidi ya fulana na maandamano: kila mwanachama awe na watu watatu wa mwaka wa kwanza, ajue wamekula nini siku ya tatu baada ya bumu, na aone siku wasipotokea. Hiyo ndiyo kambi ya wapagazi, chungu kimoja na zamu za kuni.

Na kuna sehemu isiyohitaji waraka wa chuo. Ni yangu na yako. Rafiki akianza kukopa, akinuka asubuhi, akicheka pasipo cha kuchekesha, tunalo swali. Ni swali la aibu, linaweza kukugharimu urafiki kwa wiki mbili. Mimi nililinunua kwa miaka minne.

*

Asubuhi moja, mwezi wa tatu wa dawa, binamu hakwenda kliniki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara ilikuwa tope, akageukia ukutani. Nikaenda kazini nikiwa nimekasirika, na nikiri, sikumwambia neno.

Saa saba simu yake ililia. Alinisimulia jioni. Ilikuwa sauti ya mwanamke, muuguzi wa dirishani. Hakumkaripia. Alimsalimia, kisha akasema, "Mwanangu, leo hatujakuona."

Alivaa viatu akaenda. Alifika karibu na saa ya kufunga, suruali ikiwa na tope hadi magotini.

Sasa yuko Kiwangwa, analima mananasi upande wa baba yake. Mjomba hapandi tena, magoti yamekataa. Mdogo wao wa mwisho ameingia chuo mwaka huu. Juzi nilikuwa nimekaa nao mwembeni, binamu akachukua simu akampigia. Alimuuliza amekula nini, analala na nani chumbani, fedha zimefika lini na zimebaki ngapi. Nilisikia kijana akilalamika upande wa pili kwamba anahojiwa kama yuko polisi.

"Ndiyo," binamu akasema. "Na kesho nitakupigia tena."